Mafundi wa Tanga, klachi ya gari lililobadilishwa injini hampimi, mnabahatisha!

Wakuu, habari za jioni. Leo nimechafukwa, anayetaka uzi wa kistaarabu apite tu.

Nina Morris Minor 1000 ya marehemu mzee. Injini yake ya sisi 1098 ilishachoka, spea nazo ni za kutafuta kwa tochi, nikaamua niweke Toyota 5K ya sisi 1486, ile ya LiteAce, pamoja na giaboksi yake. Gari likaingia gereji moja pale Ngamiani kabla ya Ramadhani. Tanga waja leo waondoka leo, ila gari langu mpaka sasa halijaondoka. Injini imekaa vizuri, hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni klachi.

Kwa wasiojua, Morris Minor haina mafuta kwenye klachi. Pedeli iko chini ya sakafu, inavuta fimbo, fimbo inazungusha mkono wa kati uliokaa baina ya chesisi na giaboksi, halafu fimbo nyingine inaenda kwenye foki, ule mkono wa kwenye giaboksi unaokata klachi. Chuma kwa chuma. Ukishaweka injini ya Toyota mpangilio wote umekufa: foki haiko pale ilipokuwa, na injini ikicheza kwenye raba zake fimbo inacheza nayo, gari linaruka kama chura ukiondoka. Ukisema uweke klachi ya waya badala ya fimbo, nayo ina mambo yake. Waya unavuta, foki hii inataka kusukumwa. Haupendi kona kali wala kupita karibu na ekzosi. Na kama fundi amesahau waya wa ethi kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, ukipiga stata umeme unatafuta njia kwenye waya wa klachi na kuuunguza. Na hapa pwani chumvi haina huruma na waya.

Kwa hiyo fundi aliposema tuweke ya mafuta, nilikubali, na mpaka sasa naona ndiyo sahihi. Bomba la mpira linafuata injini inavyocheza, kwisha habari. Sasa oneni alichofanya.

Masta ya juu, ile pampu inayosukumwa na pedeli, kaweka ya kipenyo cha inchi 5/8. Masta ya chini, ile inayopokea mafuta na kusukuma foki, kang'oa ile ya Toyota, kaweka ya inchi moja iliyotoka kwenye pikapu, eti “kubwa ndiyo imara, bosi.” Hivi hesabu ya darasa la saba inawashinda? Mafuta hayabanwi, yanayotoka juu ndiyo yanayofika chini. Eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo ya chini ina eneo mara mbili na nusu ya ile ya juu. Juu ikitembea milimita 25, chini inatembea kama 10 tu. Nimepima mwenyewe kwenye foki, klachi hii inakata ikifika karibu 14. Itakata vipi? Ya chini ingekuwa ya 3/4, mwendo uleule wa juu ungetoa kama 17, na pedeli ingebaki ya kukanyagika.

Matokeo yake gia ya kwanza inagoma na rivasi inalia krrr mtaa mzima unageuka. Jibu la fundi: “Giaboksi mbovu, tafuta nyingine.” Giaboksi niliijaribu ikiwa bado kwenye LiteAce, gari linatembea! Nilivyomuuliza kipimo cha masta akaondoka kwenda kunywa kahawa.

Haijaisha. Masta ya juu kaichomelea kwenye bati jembamba mbele ya miguu, bila pleti ya kukaza nyuma yake. Muambie mtu akanyage klachi, wewe weka kidole pale kwenye bati: linavimba na kurudi, linavimba na kurudi. Yaani hata zile milimita chache zilizobaki zinaliwa na bati. Ukingoni mwa welding ufa umeshaanza. Siku litakapopasuka niko kwenye mteremko wa kutoka Lushoto, nani atajibu?

Halafu mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi hii, yalipopungua, kijana wake kaongezea haidroliki ya stelingi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Raba za mafuta ya breki haziwezi mafuta ya aina hiyo, zimevimba zote na pedeli hairudi juu mpaka uivute kwa mguu. Raba ni zangu kununua tena, bila shaka.

Sasa anataka nyongeza ya ufundi ili “aangalie upya.” Simpi hata shilingi.

Naomba wenye uzoefu: nani ana masta ya chini ya 3/4 ya Toyota, nzima, ya kusukuma? Na kuna mchongaji yeyote Chumbageni au Pongwe anayeweza kunikatia pleti ya milimita 4 ya kukazia lile bati, akaifunga na bolti mpaka kwenye chesisi? Niko tayari kuburuza gari kwa kamba.

Na wewe fundi, najua humu unapita. Zile fimbo na mkono wa klachi wa Morris nilioacha kwako kwenye kiroba, kijana wako kaniambia vimepimwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kavifuate kabla ya Ijumaa.