Naomba ushauri: karatasi za picha za zamani zinatoka kijivu

Habari zenu wakuu. Niko Moshi. Kuna studio ya zamani ilifungwa, nikauziwa kamera ya mbao ya inchi 4 kwa 5, trei, na maboksi ya karatasi za blaki-na-waiti ambazo mwenyewe hakumbuki alizinunua lini.

Filamu hazinisumbui. Nazisafisha bafuni usiku, giza totoro, maana hizi za siku hizi zinaona hata taa nyekundu. Kasheshe ni karatasi. Ile pembe iliyofunikwa na fremu, inayotakiwa kubaki nyeupe pee, inatoka kijivu kama shati la shule lililofuliwa na soksi. Nilishuku taa nyekundu ninayowasha nikisafisha karatasi, nikakata kipande, nikakitia kwenye dawa gizani kabisa bila kukipiga mwanga. Kijivu kilekile! Kwa hiyo ni uzee wa karatasi, hapo msinibishie.

Aliyewahi kutia potasiamu bromaidi kwenye devalopa (dawa ya kutokeza picha) kupunguza ukungu huo, uliweka gramu ngapi kwa lita? Benzotriazoli nayo inasifiwa, ila inavuta picha kwenye ubuluu, na mimi napenda weusi wa joto.

Jingine ni joto. Dawa inataka nyuzi 20, na maji ya tenki la juu Februari hii mnayajua. Naelesha chupa za barafu kwenye beseni chini ya trei, lakini umeme ukikatika barafu sina. Mnafanyaje?

Na fiksa (dawa ya kuimarisha picha isiharibiwe na mwanga) iliyotumika mnaipeleka wapi? Ina madini ya fedha, na migomba ya mama iko hapo hapo dirishani. Mwenye karatasi mpya Arusha anicheki, nazifuata mwenyewe.