Uongozi wa hosteli: faini mnajua kutoza, mlango wa dharura mmeupiga kufuli

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Ninakaa hosteli ya chuo cha serikali hapa Dar. Jina la chuo naliacha kwa sababu bado sijamaliza na jina langu liko mikononi mwao.

Wiki iliyopita, usiku wa kuamkia Jumapili, wakaguzi wamepita bloku letu wakiwa na walinzi. Watu wamelala, wengine wana khanga moja tu, milango inagongwa kwa mateke. Wamezoa majagi ya umeme, majiko ya koili, hita za kuchemshia maji, mpaka jiko la wali la dada mmoja wa chumba cha jirani ambaye ana vidonda vya tumbo na daktari amemwambia asikae na njaa. Hakuna aliyepewa hata kikaratasi. Vitu vimetiwa kwenye viroba, vikashushwa ngazi, basi. Ukiuliza vimehifadhiwa wapi unaambiwa "utaratibu utatolewa". Walionyang'anywa mwaka jana wanasubiri utaratibu huohuo mpaka leo.

Asubuhi likabandikwa tangazo: chumba kilichokutwa na kifaa cha kupikia, kila aliyemo alipe shilingi 50,000, hata kama kifaa ni cha mtu mmoja. Usipolipa hupewi kibali cha kufanya mtihani, na mitihani ya mwisho wa muhula iko mlangoni.

Sasa tupige hesabu. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa anayelipata lote. Faini moja imemeza chakula cha siku tano. Hapo nazungumzia mwenye mkopo. Chumbani kwetu tuna mwenzetu ambaye hana hata senti ya Bodi, ada analipiwa na mama yake anayeuza vitumbua Mbagala. Jagi lililokutwa chumbani kwetu halikuwa lake. Alikuwa amelala kitanda cha juu cha dabodeka, hajui hili wala lile, leo anadaiwa elfu hamsini kwa kosa la mwingine na asipolipa hafanyi mtihani. Mtu mzima aliyesoma, mwenye ofisi na muhuri, amekaa akaliandika hilo tangazo akaona ni haki.

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia kupika vyumbani ni hatari. Ni hatari, ndiyo. Sikatai hata kidogo. Nyaya za bloku letu ni za zamani, chumba cha watu wanne kina soketi moja, mtu anachomeka ekstensheni juu ya ekstensheni. Mwaka 2009 pale Idodi, Iringa, wasichana 12 waliteketea bwenini, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa kusomea. Siyo jambo la kuchezea. Lakini soma na habari ya Kyanguli kule Machakos, Kenya, mwaka 2001: wanafunzi 67 walikufa bwenini, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Moto uliwashwa kwa makusudi, lakini kilichowazuia wale vijana kutoka ni kufuli na chuma.

Haya, njooni bloku letu. Ghorofa zote zina ngazi mbili. Ngazi ya upande wa nyuma, mlango wake wa chini una mnyororo na kufuli tangu nihamie hapa. Sababu tuliyopewa ni kuzuia kubebana, yaani kulaza chumbani wenzetu wasio na chumba, na kuzuia wageni wa usiku. Madirisha yana nondo mpaka ghorofa ya juu kabisa, ambako hata mwizi wa kupanda hafiki. Mitungi ya kuzimia moto ipo ukutani, kadi zake za ukaguzi zimechakaa mpaka tarehe hazisomeki. Na ufunguo wa ile kufuli anao msimamizi, ambaye saa 2 usiku keshaondoka kwenda kwake. Moto ukitokea saa 8 usiku tunapita wapi? Mnatoza faini kwa jina la usalama wetu, halafu mmetufungia ndani!

Na kwa nini watu wanapika? Kafteria inafungwa saa 1 jioni. Kuna watu wana vipindi mpaka saa 2. Ukitoka hapo ni chipsi za getini, au ulale na njaa. Bumu likichelewa, na huwa linachelewa, kilo ya mchele na maharage ndiyo yanaokoa chumba kizima. Chuo kingetenga jiko la pamoja chini, kachumba kamoja tu chenye swichi kubwa na bomba, nani angejificha na koili chini ya kitanda?

Maji ndiyo usiseme. Pampu ikifa tunapandisha ndoo mpaka ghorofa ya nne, vyoo vinanuka hadi korido, na hiyo pampu haitozwi faini na mtu. Lakini bomba la bafuni likivunjika, ghorofa nzima tunachangishwa kulifidia.

Ile fomu tuliyosaini siku ya kupokea chumba ninayo. Kurasa zote ni mwanafunzi hataruhusiwa, mwanafunzi atawajibika, mwanafunzi atalipa. Nimeipitia mstari kwa mstari nikitafuta chuo kitawajibika kwa lipi. Hakuna. Pesa ya chumba tumelipa kwa muhula mzima kabla ya kupewa godoro.

Msiniambie nihame nikapange geto. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo naitoa wapi?

Tunachotaka kinaeleweka: orodha ya vitu vilivyochukuliwa na kila mwenye chake akione, faini imguse mwenye kosa peke yake, deni la faini lisimzuie mtu kufanya mtihani, na ile kufuli ya ngazi ya nyuma itoke wiki hii. Barua tumeshaiandika, saini za ghorofa yetu zimeshakusanywa, Jumatatu inapelekwa kwa mlezi wa wanafunzi.

Waliowahi kuwa viongozi wa serikali ya wanafunzi, au wenye ndugu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nisaidieni kwa hili: tukiomba Zimamoto waje kukagua jengo, wanapokea barua ya wanafunzi peke yetu, au lazima ipitie kwa uongozi huohuo uliofunga mlango? Namba 114 naijua, ila hiyo ni ya moto ukishawaka.