Fundi ananiuliza kama nimeiwasha kompyuta, huku skrini ya bluu ikimmulika kidevuni

Wakuu, nawasalimu kwa heshima, ingawa leo heshima yenyewe imenibakia kidogo. Ninatoka sasa hivi kwa yule fundi wa jirani na stendi ya Moshi, ambaye sina haja ya kumtaja, kwa sababu kila mwenye kompyuta kuanzia Majengo hadi Soweto amewahi kumwachia chaja isirudi.

Nilimpelekea kompyuta mpakato aniwekee programu ya mahesabu ya duka, naye akaona ni ukarimu kuniongezea kizuia virusi kipya juu ya kile kilichokuwamo, bila kukiondoa cha zamani. Tangu hapo nikiiwasha inatokea nembo ya Windows, vidoti vinazunguka, kisha skrini inageuka bluu na kile kiuso cha huzuni, asilimia zinapanda hadi 100, halafu inajiwasha upya na kurudia yaleyale.

Nimeibeba ikiwa hivyohivyo, nikaifungua mezani kwake mbele ya wateja waliojaa mpaka kwenye ngazi. Akainama akaitazama, mwanga wa bluu ukimmulika kidevu chote, akaniuliza kwa sauti ya kusikika Himo: "Mzee, kwanza umeiwasha?"

Umeiwasha! Dada aliyekuwa akisubiri kutoa kopi alicheka hadi karatasi zikamdondoka. Kisha jamaa akatangaza kwamba mashine imechoka, inataka kupigwa Windows upya kwa shilingi 30,000, na kuhusu mafaili yangu nimwombe Mungu. Vizuia virusi viwili, ambavyo vyote hupakiwa mapema kabla hata hujaulizwa nywila, vinagombania nani akague mafaili, na faini ya ugomvi nilipe mimi. Hayo ningeyameza. Lakini kidevu ni cha bluu, wakuu, bluu kabisa, na bado mtu anauliza kama nimeiwasha!

Kibosho_Kwetu: Pole sana mzee wetu, lakini nimesoma uzi wote na swali la fundi hujalijibu. Uliiwasha?

MamaSteshenari: Baba, usitoe hiyo 30,000. Kila nembo inapotokea, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ukirudia mara 2 au 3, Windows yenyewe itafungua ukurasa wa ukarabati. Humo tafuta mipangilio ya uwashaji, iwashe upya, bonyeza namba 4 uingie kwenye hali salama (Safe Mode, Windows inawaka na vitu vya lazima tu), kisha ukiondoe kile kizuia virusi kipya. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kuficha data, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uutafute kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Mtu_wa_UsaRiver: Hata wakubwa yamewakuta. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikashindwa kuruka, na dawa ilikuwa hiyohiyo ya kuingia hali salama na kufuta faili.

Mwenye uzi: Nakushukuru mama, nitaijaribu jioni hii. Huyu wa Kibosho ajue kwamba ninaandika kwa simu kwa sababu yule aliniuliza kama nimeiwasha.

Kijenge_Juu: Ninyi wa Moshi mna bahati, fundi wenu angalau anauliza. Wa kwetu huku Arusha nilimpelekea mashine yenye RAM ya GB 8, ikarudi na GB 4, na nilipolalamika akanieleza kwa upole kwamba nyingine "imepumzishwa".

Kibosho_Kwetu: Hiyo ni nafuu. Yangu ilirudi bila betri kabisa, nikaambiwa imefanywa hivyo ili iwe nyepesi kubeba.

MamaSteshenari: Betri hiyo ilikuwa ya HP au ya Dell? Ipo moja hapa kwa jirani yangu, tangu asubuhi anamtafutia mteja.

Kibosho_Kwetu: Ya HP, na ina mkwaruzo pembeni. Mama, mzuie huyo jirani asiiuze, ninapanda bodaboda sasa hivi.