Hotuba kwa wavuvi: nianze na hoja au hisia?

Wakuu, nina dakika 5 mbele ya wavuvi pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Nataka waache kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Kati ya ethos (kuaminika kwa msemaji), pathos (hisia) na logos (hoja), nianze na ipi?

Jibu 1: Ethos, yaani kwa nini wakusikilize wewe. Usisome vyeti. Ongelea nyavu na mafuta ya mashine kama mtu anayeijua kazi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaka msemaji aonekane na busara, uadilifu na nia njema. Hiyo ya tatu ndiyo huangusha wengi: wakihisi umetumwa, umekwisha.

Jibu 2: Logos: hoja moja tu. Jike la sentimita 40 kwa kawaida bado halijataga, ukilivua umeondoa na kizazi chake. Pima samaki mbele yao kwa ubao wenye alama ya 50. Takwimu kumi mfululizo hazikai kichwani.

Jibu 3: Pathos baada ya hoja, tena isiwe vitisho vitupu. Hofu bila hatua ya kuchukua huzaa kicheko au ukaidi. Taja hatua: kuacha nyavu za macho madogo.

Muuliza: Wakinibana na gharama za nyavu mpya?

Jibu 1: Kiri kwamba ni ghali, ndipo ujibu. Ukilikwepa swali hilo, ethos yote imeporomoka.