Je, nahodha mzuri wa raga huwa kocha mzuri? Mfano wa Benjamin Ayimba

Swali, kutoka kwa Mshika Kibendera

Nawasalimu nyote. Ningependa kusikia maoni ya wale ambao wamefuatilia raga ya Kenya kwa muda mrefu kuhusu safari ya marehemu Benjamin Ayimba kutoka uchezaji hadi ukocha. Aliwahi kuwa nahodha wa timu ya taifa ya wachezaji kumi na watano na pia wa ile ya wachezaji saba, kisha akaiongoza Shujaa, yaani timu hiyo ya taifa ya wachezaji saba, kama kocha kwa vipindi viwili tofauti. Katika kipindi cha kwanza aliifikisha timu nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kila upande, mjini Dubai mwaka 2009; katika cha pili akaleta taji la Singapore, tarehe 17 Aprili 2016, ambalo lilikuwa taji kuu la kwanza kwa Kenya katika msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba.

Kila anapotajwa, watu husema kwamba alifaulu kama kocha kwa sababu alikuwa nahodha. Nauliza kwa kuwa klabu ninayosaidia kuiendesha inanuia kumkabidhi nahodha wetu timu nzima mara tu atakapotundika njumu zake, na hoja pekee iliyotolewa kikaoni ni kwamba wachezaji wanamsikiliza. Je, hoja hiyo inatosha?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Nambari Nane

Ndugu Mshika Kibendera, hoja hiyo ina uzito kuliko unavyoipa, hasa katika raga ya wachezaji saba. Mechi ni vipindi viwili vya dakika saba, na kati yake kuna mapumziko ya dakika mbili tu. Kocha hana nafasi ya kueleza nadharia. Ana pumzi chache za kusema jambo moja au mawili, na wachezaji waliochoka lazima waliamini papo hapo bila kujadiliana naye. Mtu ambaye wamemwona uwanjani akikabili wapinzani, akianguka na kuinuka, huaminiwa upesi. Kikosi cha 2009, ambacho nahodha wake alikuwa Humphrey Kayange, kilikuwa na wachezaji waliomjua Ayimba kama mwenzao kabla hajawa mwalimu wao, na kikosi hicho ndicho kilichoiondoa Fiji, bingwa mtetezi, katika robo fainali kabla ya kusimamishwa na Argentina.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo naona halizungumzwi. Katika raga ya saba, timu iliyofunga trai, yaani iliyougusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ndiyo inayopiga mpira wa kuanzisha mchezo upya, kinyume na raga ya kumi na tano. Kwa hiyo timu yenye watu warefu wanaoweza kuruka na kuunyakua mpira huo angani inaweza kufunga, ikaupata mpira tena, na kufunga mara ya pili kabla wapinzani hawajaugusa. Ayimba alitoka miongoni mwa wachezaji wa mbele, na kazi ya watu hao ni kugombea mpira. Sishangai kwamba timu zake zilikuwa na watu wa umbo la Andrew Amonde na Oscar Ouma, wala hazikutegemea mbio za pembeni peke yake, ingawa Collins Injera na Willy Ambaka walikuwapo kuzimaliza mbio hizo. Jicho la aina hiyo hujengwa na miaka ya kuumia katikati ya uwanja.

Jibu la pili, kutoka kwa Mtunza Rekodi

Nakubaliana na Nambari Nane kuhusu mipira ya kuanzisha mchezo, lakini sikubaliani naye kwamba hilo linathibitisha chochote kuhusu unahodha. Tuangalie waliokuwa kwenye benchi la upande wa pili. Fainali ya Singapore iliisha kwa Kenya 30, Fiji 7, na kocha wa Fiji siku hiyo alikuwa Ben Ryan, Mwingereza ambaye hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya nchi yake katika raga ya kumi na tano. Takriban miezi minne baadaye, Fiji ya Ryan ilitwaa dhahabu ya Olimpiki huko Rio kwa kuifunga Uingereza 43 kwa 7, ilhali Shujaa ya Ayimba, ikiwa na wachezaji wengi wale wale wa Singapore, ilipoteza mechi zake zote tatu za makundi. Mtu yule yule, unahodha ule ule, matokeo kama mbingu na ardhi. Gordon Tietjens naye, aliyeinoa New Zealand kuanzia 1994 hadi 2016 na kushinda dhahabu nne mfululizo za Michezo ya Jumuiya ya Madola, hakuwahi kuwa mchezaji wa All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand ya wachezaji kumi na watano. Sifa yake kubwa ilikuwa mazoezi makali ya stamina ambayo wachezaji wake waliyaogopa.

Ninavyoona, kilichomfaa Ayimba zaidi ni kwamba hakukaa kwenye kazi moja bila kukatizwa. Kati ya vipindi vyake viwili, timu ilipitia mikononi mwa makocha wa kigeni kama Mike Friday wa Uingereza, aliyeifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia la Moscow mwaka 2013, na Paul Treu wa Afrika Kusini. Alipoitwa tena, alirithi wachezaji waliokwisha kufundishwa mambo ambayo yeye hakuwafundisha, na akawa na busara ya kutoyabomoa. Hilo ni gumu kwa nahodha wa zamani, kwani wengi hutaka timu icheze jinsi wao walivyocheza.

Jibu la tatu, kutoka kwa Kocha wa Vijana

Naomba niongeze mifano miwili ya karibu zaidi. Innocent Simiyu, ambaye alikuwa katika kikosi cha Ayimba cha 2009 na baadaye akawa nahodha, alichukua ukocha baada ya Rio. Mwaka 2018 timu yake ilifika fainali za Vancouver na Hong Kong, na zote mbili ikashindwa na Fiji. Aliondoka, kisha akarudi na kuipeleka timu Olimpiki ya Tokyo, ambako ilimaliza katika nafasi ya tisa. Kevin Wambua naye, mchezaji wa zamani wa taifa, alipita kwenye benchi kama msaidizi kabla ya kukabidhiwa timu. Mwaka 2024 aliirejesha kwenye msururu mkuu baada ya kushushwa mwaka uliotangulia, halafu akamaliza wa tisa katika Olimpiki ya Paris.

Hao wawili walikuwa wachezaji, ndiyo, lakini Wambua alikuwa na muda wa kukaa nyuma ya mtu mwingine akitazama kazi ambayo mchezaji haioni: kupanga ratiba ya mazoezi ili watu wasifike kwenye mashindano wakiwa wamechakaa, kusoma video za wapinzani, kujua nani apumzishwe katika mechi ya tatu ili awe na miguu siku ya pili. Zaidi ya yote kuna suala la kumwacha mtu nje ya kikosi. Nahodha wako wa leo anakula na hao wachezaji meza moja. Msimu ujao atalazimika kumwambia rafiki yake kwamba hachezi. Je, kuna mtu yeyote klabuni aliyemuuliza kama yuko tayari kwa hilo?

Mshika Kibendera

Asanteni. Swali hilo la mwisho halikuulizwa kikaoni, nami nitalipeleka. Kocha wa Vijana, kama ungekuwa wewe, ungempa kazi gani msimu wa kwanza?

Kocha wa Vijana

Ningempa timu ya pili ya klabu, aiongoze mwenyewe, achague kikosi mwenyewe na abebe lawama mwenyewe, huku akiwa msaidizi wa timu ya kwanza anayeshughulikia skramu (pale wachezaji wa mbele wa pande zote mbili wanaposukumana kugombea mpira) na mipira ya kuanzisha mchezo tu. Sambamba na hayo ningegharamia mafunzo yake ya ngazi za kwanza za ukocha zinazotambuliwa na World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani, ambazo shirikisho letu la raga huandaa, kwa sababu zinaanza na usalama wa mchezaji: namna ya kufundisha kukabili bila kuhatarisha kichwa na shingo, na wakati gani wa kumtoa mtu aliyegongwa. Ningempa pia sharti moja, kwamba asicheze katika timu anayoifundisha, hata siku ambayo kikosi kimepungukiwa na mtu.