Nina vyuma mgongoni, navaa vazi la simba. Niwaambieje watu wasininyanyue?

Dada wa Kisauni:
Wakubwa shikamooni. Mimi huvaa vazi la simba kwenye sherehe za watoto, na wikendi pale Mama Ngina Waterfront, bustani ya ufuoni hapa Mombasa. Uti wangu wa mgongo ulipinda kando tangu utotoni. Nikapasuliwa, nikatiwa vyuma na skrubu. Kwa nje huoni kitu. Jumapili baba mmoja alinikumbatia kwa nyuma akaninyanyua ili apigwe picha. Ndani ya kichwa cha simba naona mbele tu, kwa tundu la mdomo, sikumwona akija. Nimelala siku mbili. Nisemeje bila kutangaza maradhi yangu?

Mzee wa Kibokoni:
Pole sana mwanangu. Usitaje maradhi. Mwili ni wako, hata ungekuwa mzima.

Mama Wawili, Likoni:
Pole mamangu. Weka mtu kando yako awaambie: mpe gota, yaani mgonganishe ngumi, usimkumbatie. Wanangu nimewafunza wasimame mbele, simba awaone, wangoje yeye anyooshe mkono.

Dada wa Kisauni:
Ahsanteni. Jumamosi mdogo wangu atasimama nyuma yangu. Yule baba nilipolia naumia alicheka, alidhani naigiza.