Dodoma: Shirika linalosema halitafuti faida limebeba cherehani ya mwenzetu huku limeshikilia akiba yake

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu. Nimeuandika usiku, nikaufuta, nikauandika tena ili nisije nikamtukana mtu. Shirika silitaji jina, barua yetu bado iko kwa wahusika.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake watano, tunaishi Kizota na Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Kazi yetu ni alizeti. Mwezi wa 6, wakati mkulima wa Bahi na Chamwino ametoka shambani na ana shida ya hela, tunanunua magunia, tunakamua kwenye mashine za watu hapa Kizota, tunachuja, tunahifadhi mafuta kwenye madumu. Kisha tunasubiri. Kwenye kusubiri ndiko faida ilipo. Wakati wa mavuno kila mtu ana mafuta, na kuanzia mwezi wa 11 bei inaanza kupumua. Anayejua biashara ya Dodoma anajua hili bila kwenda semina. Huku mvua inanyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na hela ya mkulima nayo inakuja mara moja kwa mwaka.

Mwaka jana mwezi wa 5 wakaja vijana wawili wa shirika mtaani, wamepitia kwa mwenyekiti wa mtaa na barua ya utambulisho. Wakasema wao ni shirika lisilo la faida, hela yao inatoka kwa wafadhili, na wamekuja kuwatoa akina mama kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nakiri tulifurahi. Mwenzetu mmoja alikuwa ametoka kunyang'anywa godoro na kausha damu, na ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ilisimamishwa 2023, na hata ilipofunguliwa 2024 foleni yake ni ndefu na sisi hatukupata. Kwa hiyo mtu anapokuja na neno "lisilo la faida", unamkaribisha ndani na unampikia chai.

Kwenye semina ya kwanza afisa mikopo alitusimulia habari za Muhammad Yunus wa Bangladesh, Benki ya Grameen ya mwaka 1983, Tuzo ya Nobel ya 2006, wanawake maskini kukopeshwa bila dhamana kwa kukaa watano watano na kudhaminiana. Tukapiga makofi. Tukasaini.

Sasa hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo imenitoa usingizi.

Kila mmoja alikopa 1,000,000. Riba asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo kiwango cha juu Benki Kuu ilichoweka kwa wakopeshaji wa daraja la pili, hawa wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Miezi 6, kwa hiyo riba 210,000. Lakini marejesho ni wiki 24, na wiki 24 hazifiki miezi 6. Tulipohoji tukaambiwa ofisini mwezi ni wiki nne. Rejesho likatoka 50,416, wakalipandisha likawa 50,500 kila Jumatatu.

Siku ya kupokea, kila mmoja alipewa 860,000 mkononi. Fomu 10,000. Bima 10,000. Ada ya kushughulikia mkopo 20,000. Na 100,000 ikabaki kwao, wanaiita akiba ya lazima. Riba ikahesabiwa kwenye milioni nzima.

Na ikaendelea kuhesabiwa kwenye milioni nzima mpaka wiki ya mwisho, hata pale nilipokuwa nimebakiza deni la laki moja. Hapa ndipo nilipokaa na daftari la mwanangu wa kidato cha tatu tukafanya hesabu pamoja. Kwa kuwa deni linapungua kila wiki, kwa kipindi chote kile nilikuwa nadaiwa wastani wa kama 520,000. Ondoa laki moja yangu waliyoishika wao, maana yake hela yao niliyokuwa nayo mkononi ni kama 420,000. Kwa hiyo 420,000 nimelipa riba 210,000 na ada 40,000. Jumla 250,000. Ni karibu asilimia 60 kwa miezi hiyo sita. Karibu asilimia 10 kwa mwezi, kwenye karatasi inayosomeka 3.5.

Niliporudia hesabu mara ya pili nikapata vilevile, mikono ikawa inatetemeka. Ni mimi niliyewashawishi wenzangu wasaini.

Hata hivyo riba tungeimudu. Kilichotuua ni Jumatatu. Rejesho la kwanza lilianza wiki iliyofuata baada ya kupokea hela. Mafuta bado hayajatulia kwenye madumu, tunadaiwa 252,500 kwa kikundi. Wiki za mwanzo tuliuza mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, kwa wafugaji, tukalipa. Mashudu yakaisha. Tukaanza kutoa madumu. Tulikuwa tumekamua magunia 75, yakatoa madumu 56 ya lita 20. Mpaka mwezi wa 11 unaingia tulikuwa tumeshauza 41, kila dumu 68,000, bei ya mavuno. Yale 15 yaliyobaki tuliyauza 90,000 kila moja. Mnaojua kuzidisha, zidisheni 22,000 mara 41. Ni zaidi ya laki tisa, na ndiyo ilikuwa faida yetu ya mwaka mzima.

Tulimwomba afisa mara nne, tukamwambia, "Mwanangu, tuachieni tulipe riba kila mwezi, na mtaji tuulipe mwezi wa 12 na wa 1 mafuta yakipanda." Jibu lilikuwa lile lile: mfumo hauruhusu, Grameen ndivyo wanavyofanya. Nimekuja kusoma baadaye kwamba huko huko Grameen, kati ya 2001 na 2002, waliubadilisha mfumo wao, wakaachana na kumbebesha mtu deni la mwenzake na wakaweka utaratibu wa kumpangia upya marejesho aliyekwama. Wenye mfumo wao walishauona ubovu zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Sisi Dodoma tunaletewa ule wa zamani, na tunaambiwa ndio ukombozi.

Nije kwenye cherehani.

Mmoja wetu ni mshonaji. Mume wake alifariki, ana watoto watatu, na cherehani ndiyo iliyokuwa inamlipia rejesho wakati mafuta yanasubiri. Mwezi wa 9 mtoto wake wa mwisho akalazwa. Akakaa hospitali na mtoto, kazi ikasimama. Jumatatu ya kwanza tukamchangia. Ya pili tukamchangia. Ya tatu tulikuwa hatuna. Afisa akafunga mlango wa kituo tunakolipia marejesho, akasema hakuna mama anayetoka mpaka rejesho litimie. Tulikaa kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Mwenyekiti wetu, mama mwenye miaka 61 na kisukari, alikaa bila kula. Mmoja wetu alikuwa ananyonyesha, na mtoto alimwacha nyumbani kwa jirani.

Kuanzia hiyo ya tatu, zilipofika wiki tatu bila rejesho lake kulipwa, deni lilikuwa 151,500. Wakaja na pikipiki ya matairi matatu, wakapakia cherehani. Majirani wanaangalia, mwanamke hayupo, yuko wodini. Mtoto mkubwa wa miaka 12 ndiye aliyefungua mlango.

Nataka mtu mmoja anieleze hili taratibu: walikuwa wameshika akiba yake 100,000. Toa 100,000 kwenye 151,500. Mmebeba cherehani ya mjane kwa deni la 51,500. Na mmembebea kitu pekee ambacho kingemwezesha kulipa hiyo 51,500.

Tulimalizia deni lake sisi wanne. Mkopo wote ulikwisha mwezi wa 12, tuna stakabadhi zote 24 za kikundi. Tulipoenda kuchukua cherehani tukaambiwa imeshauzwa. Kwa nani, kwa shilingi ngapi, tarehe gani, hakuna karatasi. Tulipoomba akiba zetu, 500,000 za watu watano, tukaambiwa akiba inabaki mpaka tuchukue mkopo wa pili. Mwenzetu ameshahama. Yuko kwao Manyoni kwa mama yake, anauza maandazi.

Kuna jambo jingine dogo lakini linanichoma. Jirani na kwetu kuna kituo cha vijana wenye ulemavu, wanafundishwa kushona. Walipata oda ya sare za shule ya msingi, oda imeandikwa na kugongwa muhuri, malipo ndani ya siku 60. Walichokosa ni hela ya vitambaa, 1,800,000. Wakaenda shirika hilo hilo. Wakajibiwa kwamba vituo vya hisani havikopeshwi kwa sababu havina faida ya kulipia deni, watafute mfadhili. Oda ikaenda kwa mwingine.

Shirika lililosajiliwa kuwa halitafuti faida, linaloishi kwa hela ya wafadhili, linakiambia kituo cha hisani kwamba asiye na faida hakopesheki. Wale vijana walikuwa na mteja, wana muhuri, wana tarehe ya kulipwa. Mimi ningewakopesha kama ningekuwa nayo. Vituo vingi vya namna hii vinakufa hapo, kati ya kazi kupatikana na hela kuingia, na hakuna anayewashika mkono kwa hizo siku 60. Mkopo wa kijamii kama una maana yoyote, maana yake ndiyo hiyo.

Sina ugomvi na mikopo. Nimekulia kwenye vikoba, vikundi vya kuweka na kukopeshana. Kwenye kikoba chetu cha mtaani riba ipo, lakini Desemba tukivunja inarudi kwetu wenyewe kwa mgao wa hisa, na mtu akiuguliwa tunakaa chini tunampa muda. Sina ugomvi hata na riba ya shirika: najua afisa anahitaji mshahara na mafuta ya pikipiki, na wapo wanaokimbia na hela. Ila ukisema hutafuti faida, niambie 250,000 yangu imekwenda wapi. Walitupiga picha tukiwa tumevaa fulana zao, tumeshika madumu, tunacheka. Picha hiyo iko kwa wafadhili sasa hivi. Nataka na hii hesabu ifike kule picha ilipofika.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Kuna waliosema nani aliwalazimisha kusaini. Mkataba ulikuwa kurasa tisa za Kiingereza, tulisomewa kwa mdomo dakika kumi, na neno "akiba" lilisomwa kama hela yetu ambayo tutarudishiwa. Mwenye nakala ya Kiswahili aliyowahi kupewa na watu hawa aiweke hapa.

Mkuu uliyesema twende Benki Kuu, ahsante. Ofisi yao ipo hapa hapa mjini, na tumeshapeleka malalamiko kwa maandishi pamoja na nakala za stakabadhi. Nakala nyingine ipo kwa mtendaji wa kata.

Na wewe uliyesema unafanya kazi kwenye shirika la namna hii na kwamba maafisa nao wanakatwa mshahara mteja asipolipa: nimekusikia. Yule kijana aliyefunga mlango ana umri wa mwanangu wa kwanza, na siku ile alikuwa anatokwa jasho. Waambie wakubwa wako walioandika huo utaratibu.

Jumatatu ijayo saa 3 tunakwenda ofisini kwao, wanne, na mwenzetu anapanda basi kutoka Manyoni. Tunadai vitu vitatu. Stakabadhi ya mauzo ya cherehani, na hela iliyozidi deni irudi kwa mwenyewe. Akiba zetu 500,000. Na mchanganuo wa gharama yote ya ule mkopo kwa shilingi, kwa Kiswahili, uliosainiwa. Nitarudi hapa kuwaambia walichojibu.